Natafuta picha za kuchorwa kwa mkono za kuweka sebuleni, bajeti laki 3, nianzie wapi?

MamaIlham

Wakuu habari za majukumu, naombeni mawazo yenu kwenye hili. Tumehamia nyumba ya kupanga huku Mbezi, sebule ni kubwa kuliko tulikotoka, kuta nyeupe peee, makochi yapo, zulia lipo, pazia zipo ila bado nikikaa naona kama nipo kwenye benchi nasubiri kuitwa na daktari. Nimezunguka Kariakoo kwenye maduka ya mapambo nikaona zile picha za kanvasi za vipande vitatu vitatu, maua, farasi, maandishi ya kiingereza, bei yake sio mbaya ila picha hiyo hiyo ya farasi wanaokimbia nimeiona saluni, nimeiona kwa wifi yangu Tabata na juzi nimeikuta lodge Morogoro. Mimi nataka kitu ambacho mtu amekaa chini akakichora kwa mkono wake, kiwe kimoja, mgeni akiingia ajue hapa ni kwa kina fulani.

Sasa baba Ilham anasema mambo hayo ni ya watalii na mahoteli, tukienda huko tutatajiwa bei kwa dola tutarudi mikono mitupu. Nina laki 3 ya kuanzia, najua sio hela nyingi. Naomba kujua kwa hapa Dar niende wapi, nitatambuaje kama imechorwa kweli na haijachapwa na mashine, na mtu wa kawaida kama mimi anaongeaje bei na msanii bila kumvunjia heshima. Halafu mwenye nyumba hapendi kuta zitobolewe ovyo na nina watoto wawili wanaogusa kila kitu. Natanguliza shukrani.

KakaWaMsasani

Dada karibu sana, umegusa kitu ninachokipenda. Mwambie shemeji laki 3 kwa hapa Dar inatosha kuanzia na wala hakuna haja ya dola. Mimi nimekulia Msasani, ushauri wangu anzia kwa wachoraji wa Tingatinga, pale Morogoro Stores, Barabara ya Haile Selassie, Oysterbay. Watu wa Dar tunapita pale kila siku na magari na bajaji tunaamini ni pa wazungu, wengi hawajawahi kuingia hata mara moja, na mimi hilo linaniuma kweli kwa sababu ukijua ilikoanzia utaona hii sanaa ni ya kwetu sisi wa hali ya chini kabisa. Mzee Edward Saidi Tingatinga alitokea Tunduru akaja mjini kutafuta maisha, akapiga vibarua vya kila aina, mwaka 1968 ndio akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, zile za kupigia dari, kwa rangi za makopo za kupakia baiskeli na milango, na mke wake alikuwa anaziuza hapo hapo Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi usiku kwa kumdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kuchora. Ndugu zake na vijana aliowafundisha ndio wakaendeleza, wakawa kikundi, na 1990 wakawa chama cha ushirika.

Sasa ukifika usinunue ya kwanza iliyotundikwa mbele. Mbele utakuta tembo na mlima Kilimanjaro, twiga wawili shingo zimepishana, wamasai wembamba wamejipanga mstari, na hizo zote zimechorwa kwa mkono ni kweli, lakini ni michoro inayorudiwa na wachoraji wengi kwa sababu ndio inayotoka haraka. Wewe umesema unataka kimoja. Kwa hiyo ingia ndani wanakokaa kuchora, salimia, omba kiti, angalia watu wanavyofanya kazi. Hakuna atakayekufukuza, wamezoea watu kukaa kuangalia. Utaona mtu anaanza na mandharinyuma ya picha kwanza, anapaka rangi mbili tatu zikiwa mbichi, anazigongagonga na kipande cha sponji mpaka zinaingiana, njano inageuka chungwa inageuka nyekundu taratibu, halafu anaiweka pembeni ikauke. Rangi ya mafuta haitaki papara, ndio maana kila mchoraji ana picha kadhaa kwa wakati mmoja, huku anasubiri hii huku anaendelea na ile. Baadae anarudi anaweka umbo, kisha madoadoa, kisha mstari wa mwisho mwembamba wa jicho au unyoya ambao anauchora amebana pumzi. Ukishaona hivyo hata bei akikutajia utaielewa.

Na hapo ndio siri yenyewe: AGIZA. Mwambie mchoraji unataka nini cha maisha yako. Mimi sebuleni kwangu nina soko la samaki la Feri, nilimuelezea tu kwa mdomo, wamama na mabeseni, mnada, watu wa kukaanga, baharini ngalawa, akachora na kunguru wanaiba dagaa kwenye chanja, kunguru wenyewe wana shingo ya kijivu kama walivyo kweli hapa mjini, hilo sikumwambia. Sentimita 60 kwa 80, tulielewana laki na sitini, nikatoa nusu ya advansi na nusu siku ya kuchukua. Kila mgeni anasimama pale. Wewe kama kwenu ni Lushoto mwambie akuchoree Lushoto, kama mama yako alikuwa anauza vitumbua mwambie vitumbua. Hawa jamaa wanajua kuchora mitaa, hospitali, harusi, mashetani, ni sisi wateja tunaowafanya warudie tembo.

Kuhusu kujua imechorwa au imechapwa: ishike ielekeze ubavu kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ya mkono ina migongo, ukipitisha kidole kwenye madoadoa unayahisi, na pembeni ya umbo utaona rangi moja imepanda juu ya nyingine. Ya mashine mara nyingi ni bapa yote. Ukitaka uhakika piga picha kwa simu karibu kabisa halafu ikuze, ya mashine inageuka vitone vidogo vidogo sana vya rangi vilivyopangika. Halafu geuza nyuma, kitambaa cha kuchorwa kina rangi imepenya hapa na pale na mikono ya mtu inaonekana.

Site_Foreman

Sijaona ubaya wa zile za Kariakoo, anayeziuza nae anatafuta riziki na ukuta unapendeza. Kwa laki 3 unapamba sebule nzima na koridoo.

MamaIlham

@Site_Foreman sijawadharau kaka, na chumba cha wageni huenda nikaweka hizo. Ila sebuleni ndio tunakaa na watoto kila siku, nataka wakue wanaangalia kitu chenye mwenyewe.

@KakaWaMsasani asante sana, hili la kuagiza sikuwahi kuliwaza kabisa. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi Usambaa huko, vyungu anavipanga juani mbele ya nyumba. Nimeanza kuiona picha tayari.

MjukuuWaNewala

Mama Ilham usiishie kwenye picha za ukutani tu, meza ya kona na kabati la TV navyo ni sehemu ya sebule. Nenda Mwenge kwa wachongaji, Barabara ya Sam Nujoma. Babu yangu alikuwa mchongaji, alishuka kutoka uwanda wa Makonde na panga na patasi tu, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona nyumbani.

Pale kwanza tenganisha maduka na mafundi. Mbele ni maduka, na mwenye duka mara nyingi kanunua kwa jumla, hajui nani kachonga. Pita nyuma utakaposikia tindo zinagonga. Kuna vibao vidogo, vichwa, vijiko vya mapambo, sanduku za nakshi, na ukitaka kinyago cha ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana kizazi juu ya kizazi, kipo kidogo cha urefu wa kiganja kwa elfu 30 au 40 ukiongea vizuri na kipo cha mamilioni. Kidogo sio kibaya. Angalia vidole na masikio, mchongaji mvivu anajulikana hapo, vidole anavipiga mistari tu.

Mpingo wa kweli: ni mzito kuliko unavyotegemea, ukiushika mkononi unashtuka. Katikati ni mweusi unaoelekea zambarau au kahawia, na nje ya gogo kuna sehemu nyembamba ya njano iliyopauka, mafundi wengine wanaiacha makusudi pembeni ya kinyago ili mteja aione. Ukiukwangua kidogo chini ya kitako ndani ni mweusi vile vile. Ule wa kupakwa kiwi ukikwangua unakuta mweupe, na ukipitisha pamba yenye maji inatoka nyeusi. Jirani yetu aliuziwa kitu cha namna hiyo na mchuuzi mmoja wa barabarani kwa bei ya mpingo, mpaka leo anasikitika. Mimi sina tatizo na kinyago cha mti mwingine, mninga ni mti mzuri sana na unang'aa, ila uuzwe kwa jina lake na bei yake. Mpingo unachukua miaka 70 na kuendelea mpaka ufae kuvunwa na huko Ulaya wanautengenezea klarineti, kwa hiyo ukiona bei imepanda usidhani fundi anakuibia, gogo lenyewe limekuwa ghali.

Na kitu kingine, utaoneshwa picha za watu wenye masikio makubwa na midomo mikubwa wanacheka wanacheza ngoma wamejaa ukuta mzima, utaambiwa "hii ya Lilanga". Mzee George Lilanga alifariki 2005, kazi zake mwenyewe ziko kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji nje huko na bei zake sio za laki 3. Hizo unazoziona ni za wanaofuata mtindo wake, wengine walifundishwa hapo hapo alipokuwa akifanya kazi, kwenye kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa, na wapo wanaojua hasa. Nunua kwa jina la aliyechora, muulize, aandike jina lake. Hapo umepata kitu cha halali na yeye amepata heshima yake.

Kinyago usikiweke chini ya AC wala dirishani kwenye jua, kitapasuka hata kama ni mpingo wa dhahabu.

BintiMalindi_Unguja

Assalam alaykum dada yangu. Na mimi nichangie kwa upande wetu huku visiwani, maana kuna nyumba nyingi za Kiislamu ambazo hazitundiki picha za watu wala wanyama sebuleni, wengine kwa ajili ya kusalia, na jina la mtoto wako linanifanya nidhani huenda na kwenu limo hilo. Msidhani basi kuta zitabaki tupu.

Kuna khati, yaani maandishi ya Kiarabu ya mapambo. Huku Unguja na huko Dar wapo vijana na wazee wanaoandika kwa mkono, kalamu ya tete na wino, karatasi nzito, unamwambia aya au dua unayoipenda au hata majina ya watoto, anakuandikia kwa muda wake. Usikubali ile iliyotolewa kwenye kompyuta ikachapwa ikatiwa fremu ya dhahabu, utaijua kwa sababu herufi moja ikirudi mara tano inakuwa ile ile kabisa bila tofauti hata ya unywele. Ya mkono, alifu ya kwanza na alifu ya pili ni ndugu lakini sio pacha, na mwisho wa herufi pale kalamu ilipokaukiwa wino unaona kama umekwaruza kidogo. Pale ndipo penye raha yake.

Halafu mikeka na makawa jamani. Kawa la kufunikia chakula, lile la ukindu lenye rangi nyekundu na kijani na zambarau, wanawake wa Pemba na wa mashamba hapa Unguja wanasuka kwa mikono yao, kila mmoja na mapambo yake kichwani mwake, hakuna karatasi anayoangalia. Nunua matatu ya ukubwa tofauti uyatundike ukutani juu ya meza ya kulia, hayafiki elfu 60 ukinunua kwa msukaji mwenyewe sokoni, sio kwenye duka la Mji Mkongwe kwenye njia ya watalii. Ukindu unachemshwa na rangi, kwa hiyo mkeka ulioungwa vizuri ukiugeuza nyuma rangi ni ile ile na mishono ya kuunga ukili, ile mikanda iliyosukwa, haionekani. Rangi yake inakimbia juani, basi weka ukuta usiopigwa na jua.

Na kwa mwenye uwezo zaidi kidogo, fundi wa nakshi anaweza kukuchongea ubao mmoja tu, wa ile mistari ya maua na mnyororo inayozunguka milango yetu. Ubao wa mita moja ukiulaza juu ya mlango wa sebule basi nyumba imekaa.

MamaIlham

Waalaykum salaam, umejuaje! Mama mkwe akija anasalia sebuleni na hilo la viumbe lilikuwa linanisumbua, nilikuwa naona haya kulitaja. Picha ya bibi na vyungu nitaiweka upande wa meza ya kulia ambako hakusaliwi na upande wa kibla nitatafuta khati. Na makawa nayataka leo leo.

njeri_wa_ruaka

Hamjambo watu wa Dar, mimi niko Nairobi lakini hii mada imenivuta. Huku pia watu wanadhani ati sanaa ni ya gallery za matajiri. Maasai Market watu wanaijua, inazunguka sehemu tofauti kulingana na siku, sasa pale ujue bei ya kwanza ni ya mtalii, ongea Kiswahili, usiwe na haraka, zunguka urudi. Lakini pale vitu vingi vinafanana stall kwa stall, shida ni ile ile ya farasi wa MamaIlham.

Mimi napenda kwenda mahali wasanii wenyewe wanafanyia kazi. Kuna Banana Hill, huku karibu na kwangu, kuna Kuona pale Kilimani, halafu kuna Maasai Mbili huko Kibera, ilianzishwa 2001 na vijana wawili waliokuwa wanachora mabango ya vinyozi na hoteli, na hadi leo kazi zao zina ile nguvu ya bango. Na Kenya Museum Society huwa inaandaa Affordable Art Show pale Nairobi National Museum, kazi zinawekewa kikomo cha bei ili mtu wa kawaida anunue, wasanii wanaojulikana na wale wanaanza wako ukuta mmoja. Kama mko na mtu anakuja Nairobi wakati huo mwambieni apite.

Kitu moja nataka kuongeza, watu wanasahau chapa. Msanii anachonga ubao au linoliamu, ile ya kutandika sakafuni, anapaka wino, anabonyeza karatasi, anapata labda nakala ishirini halafu anaacha. Kila moja imetoka kwa mkono wake, ameiweka sahihi na penseli na namba chini, 3/20, 4/20. Kwa sababu ziko kadhaa, bei inakuwa sehemu ndogo sana ya bei ya picha ya rangi ya msanii huyo huyo. Kitu cha kwanza niliwahi nunua ya msanii ninayemheshimu ilikuwa chapa, singeweza picha yake kubwa. Na ni karatasi, unaibeba kwa basi bila wasiwasi. Angalia tu namba imeandikwa kwa penseli sio kuchapwa.

MchoraKaratasi

Naongea kama mchoraji ambaye bado natafuta jina, nimesoma sanaa na naishi kwa hiyo. Kwenye swali lako la kuongea bei bila kuvunja heshima, dada mimi nakushukuru kwa kuuliza kwa sababu watu wengi hawaulizi.

Taja bajeti yako mapema. Ukiniambia "nina elfu 70 na naipenda kazi yako" mimi nitakutafutia cha elfu 70, na nitafurahi, kwa sababu ndani ya studio kila mchoraji ana vitu ambavyo havitundikwi: michoro ya mazoezi, karatasi za makaa na wino, picha ndogo za majaribio ya rangi kabla ya kuchora kubwa. Hizo ndio hazina kwa mtu wa kipato cha kawaida. Zina uhai kuliko kubwa mara nyingine, maana mtu alikuwa hajiogopi. Kinachoniumiza ni mtu kuja kwenye picha ya laki 4 akasema "nipe kwa 50, si rangi tu hizo". Kanvasi, rangi za akriliki zinazotoka nje na wiki mbili za kukaa nimeinama, vyote nimevilipia kabla yeye hajaja. Kama bei imekuzidi uliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo, wengi tunakubali, unalipa mara tatu unachukua ukimaliza.

Sehemu za kutukuta: Nafasi Art Space Mikocheni, ipo tangu 2008, ni studio za wasanii ziko jirani jirani na kuna maonyesho, unaingia unaongea na mtu akiwa na brashi mkononi. Alliance Française na Goethe, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani hapo mjini, wanakuwa na maonyesho, siku ya ufunguzi hakuna kiingilio kikubwa na msanii yupo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi wa sanaa wanaonyesha kazi zao za mwisho wa masomo, na Bagamoyo pale TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981, mji wenyewe una wachoraji na wachongaji wengi na bei ni ya chini kuliko Dar, unaenda asubuhi unarudi jioni na watoto wameiona bahari. Kazi ya mwanafunzi ukiinunua leo umemlipia rangi za mwaka mzima, na yeye hatakusahau maisha yake yote.

Chochote utakachonunua mwambie mchoraji aandike nyuma jina lake, mwaka, jina la kazi na rangi aliyotumia. Mpige picha akiwa ameishika kama anaridhia. Kesho keshokutwa mtoto wako akiuliza hii kachora nani uwe na jibu.

FundiFremu_Kkoo

Mimi ni fundi wa fremu, nijibu la kuta na la watoto ambalo wote wamelipita.

Kwanza ukinunua picha isiyo na fremu usiikunje na usiiviringishe rangi ikiwa ndani. Rangi iwe nje, kitambaa kiwe ndani, na weka karatasi katikati, nailoni inaganda. Picha ya rangi ya mafuta ikiwa mpya bora usiiviringishe kabisa, juu inaonekana imekauka lakini ndani bado laini, ibebe ikiwa imenyooka. Mbao ya ndani ya kuwambia iwe kavu kweli kweli, mbao mbichi inapinda baada ya mwezi na picha inakuwa na kona moja juu, nimezirudia nyingi za hivyo zilizofanywa kwa haraka. Kioo ni kwa karatasi tu, yaani khati, chapa na michoro ya penseli, na uwekewe kartoni pembeni ili kioo kisiguse karatasi maana Dar kwa joto hili inatoa jasho inagandana. Picha ya rangi ya mafuta au akriliki haihitaji kioo, iache ipumue.

Kuta: misumari ya zege inabomoa plasta, ndio mwenye nyumba analalamika. Tumia drili, biti ya milimita 6, bandika kwanza selotepu ya karatasi pale unapotoboa plasta isimeguke, weka plagi ya plastiki na skrubu. Tundu moja zuri kwa picha moja. Ukihama unaziba na jipsamu na rangi kidogo haionekani. Kama hataki kabisa basi matundu mawili tu juu karibu na dari, unafunga bomba jembamba kama la pazia na picha zinaning'inia kwa kamba, unaongeza na kupunguza bila kugusa ukuta tena. Au zisimamishe juu ya kabati zikiegemea, kwa picha ndogo inapendeza sana.

Watu wanatundika juu mno. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na juu ya kochi acha kama 20 kutoka kwenye mgongo wa kochi. Kwa watoto, hiyo ya juu ya kochi ndio salama, wanaoifikia wamesimama kwenye kochi utawasikia. Huko Mbezi angalia ukuta kama unatoa chumvi au unyevu kwa chini, kama upo usitundike hapo, na kila picha bandika vipande viwili vya mpira nyuma kwenye kona za chini, ikae mbali kidogo na ukuta hewa ipite, vinginevyo masika ikija unakuta ukungu nyuma.

Mtoto akipaka mkono wa chapati kwenye Tingatinga, kitambaa chenye maji kidogo sana kinatosha, usitie sabuni. Akriliki na khati usiguse na maji, brashi laini kavu tu.

MamaIlham

Jamani nashukuru mno, nimewasomea wote kwa sauti baba Ilham akiwa anakula na amekaa kimya anasikiliza mpaka mwisho. Amesema Jumamosi twende Morogoro Stores wote na watoto, na anataka nae kuagiza cha kwao, stesheni ya treni Kilosa, baba yake alifanya kazi reli. Kwa hiyo hesabu yangu sasa: picha moja ya kuagiza isizidi laki na nusu, makawa matatu, kinyago kidogo cha Mwenge, na khati kama itabaki, isipobaki mwezi ujao. Sitamaliza kuta zote na sijali.

Swali la mwisho kwa @FundiFremu_Kkoo, ile harufu ya rangi ya mafuta ikiwa mpya mtoto wangu mdogo ana pumu, nifanyeje?

FundiFremu_Kkoo

Usiichukue siku ile ile imemalizwa, mwambie mchoraji akae nayo wiki mbili au tatu zaidi, kwao ipo sehemu ya wazi na upepo. Ukifika nayo nyumbani iweke barazani penye kivuli, mvua isifike, mpaka ukiweka pua karibu husikii kitu. Na usikubali ipakwe vanishi juu kwa haraka, inafungia harufu ndani. Kwa chumba anacholala huyo mtoto weka kawa au chapa ya karatasi.

KakaWaMsasani

Jumamosi nendeni asubuhi kabla ya saa 5, wachoraji wanakuwa na nafasi ya kuongea. Kuhusu stesheni ya Kilosa mbebe picha yoyote ya zamani mliyonayo kwenye simu, hata ya mzee amesimama tu na yunifomu ya reli, mchoraji akiona vifungo na kofia atajua cha kufanya.